Kelele Tulizoziacha Kimandolu

Jumapili jioni

Tumefungwa tena nyumbani, na sasa tumeshuka daraja. Ni mimi niliyewashawishi viongozi tuhame uwanja wetu wa Kimandolu na kuja huu mpya, kwa sababu ya nyasi nzuri.

Kule Kimandolu mashabiki walisimama hatua mbili tu kutoka kwenye mstari, wakipiga mabati ya uzio mpaka wageni wakashindwa kusikilizana. Huku majukwaa yako mbali, kelele zinapotelea hewani. Wakati wa mapumziko nahodha wangu, Elibariki, aliniambia, "Kocha, nasikia pumzi zangu tu."

Mechi ilipoisha, kipa wa wageni alikuja kunipa mkono.

"Shikamoo, kocha. Zamani tukija kwenu nilikuwa sipati usingizi."

"Marahaba," nikamjibu.

Jana alilala vizuri, najua.