Mbuzi wa Shukrani

Jumatano, 9 Julai 2025

Meseji ya WhatsApp asubuhi. Kliniki ya Nkubu "inasikitika": ile nafasi yangu ya duka la dawa imeondolewa, bajeti haitoshi. Nilikuwa nianze Jumatatu! Hapa Siakago nimeshaacha kazi — walinikatia keki, wakanipa blanketi la kuniaga. Nimelitupa juu ya kabati. Sitaki hata kuliona.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwomba Mama tuahirishe maombi ya Jumapili ya kushukuru kwa kazi mpya. Hataki. Kanisa zima limealikwa, mbuzi ameshafungwa nyuma ya jikoni. Nishukuru nini sasa? Uhai, anasema. Kwa uhai si tungekunywa chai tu!

Ijumaa, 11 Julai

Mwendwa, rafiki yangu wa mapokezi pale kliniki, amenipigia. Bajeti gani! Nafasi yangu amepewa Linda, binti ya Mzee Kathuri wa kanisani kwetu. Mzee mwenyewe alienda Nkubu kumwona mkurugenzi.

Na nani alimwonyesha njia? Mimi, mjinga! Kwenye ushirika nilitaja kila kitu ili niombewe — kliniki, nafasi, mpaka jina la mkurugenzi. Kathuri akamwombea mkurugenzi kwa jina, macho ameyafumba, mkono wake juu ya kichwa changu. Nimeosha nywele leo. Bado nausikia ule mkono. Kinyaa!

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Mzee aliyetusimamia tukimzika baba yako? Nyamaza, Gatakaa."

Mbuzi amelia mchana kutwa.

Jumapili, 13 Julai

Boma limejaa. Kathuri ndiye mgeni wa heshima, kwenye kiti chenye kitambaa cha Mama. Ameomba kirefu, halafu akatangaza kwamba Linda naye amebarikiwa na kazi, Nkubu, kwenye duka la dawa la kliniki. Makofi. Mama naye alianza kupiga, kisha akaacha. Akanitazama. Amejua! Nilidhani atasema neno.

"Gatakaa, leta maji mzee anawe."

Mutura wa kwanza, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, umeshawekwa mbele yake, mbuzi wangu mimi! Niko jikoni naandika haya. Maji yanachemka kwenye birika. Natakiwa kuyachanganya na ya baridi kabla sijampelekea. Ndoo ya maji baridi iko hapa miguuni, sijaigusa.

Mama ameita tena.