Mtani Alinichekesha Kisu Kikiwa Mdomoni

Shangazi Agnes, shikamoo. Nakuandikia kwa furaha na hofu kwa pamoja, na ukinijibu kabla ya Ijumaa utakuwa umeniokoa.

Mimi ni mama wa Naliendele, Mmakonde wa kuzaliwa, na kuanzia Mikindani mpaka Kitaya ukisikia harusi au unyago umenoga ujue nipo, mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo na vigelegele, na hiyo ndiyo kazi inayonilisha mimi na binti yangu Zulfa tangu baba yake atutoke. Basi baada ya Idi gego la mwisho lilinitesa nikaenda kliniki moja ya mtu binafsi hapa mjini, nikamkuta tabibu wa meno anaitwa Godfrey, Mngoni wa Songea, na wewe unajua Mngoni na Mmakonde ni watani, wakikutana hawasalimiani, wanatukanana. Akaniambia, "Fungua mdomo, mla panya, leo nautoa mpaka mkia uliokwama," nami nikamwambia achimbe taratibu, mkimbizi mkubwa wee uliyeletwa huku na vita, tukacheka, akanichoma ganzi, akaingiza kisu apasue ufizi, na kisu kikiwa humo ndani akasema, "Mtani, ukifa nitakulilia mpaka wali uive, ukiiva nanyamaza." Nikacheka, Shangazi, nikatikisika mwili mzima, naye anacheka, mkono ukateleza.

Tangu siku hiyo nusu ya ulimi wangu ganzi haijaisha, najiuma nikila wala sijui mpaka nione damu, na kigelegele kikitoka ni upepo mtupu. Godfrey alikuja nyumbani na kuku, akakaa jikoni kwangu akalia machozi ya kweli, akasema, "Mtani, kosa ni langu, sikupaswa kukuchekesha," nami nikamwambia yameisha, nikamchinjisha yule kuku tukala wote.

Sasa juzi! Juzi napepeta mchele huku nasikiliza redio, mwanasheria anasema siku hizi wagonjwa wameamka, wanadai fidia mahakamani kwa uzembe wa matabibu na wapo wanaoshinda, Shangazi niliruka mchele wote ukamwagika, nikaiona nyumba yangu ya matofali, madirisha ya vioo, na spika zangu mwenyewe za kukodisha harusini! Lakini mjomba Asadi, mkubwa wa ukoo wetu, anasema mtani hashitakiwi, tukimshitaki watani watasusa mazishi yetu, na tena nilicheka mwenyewe na kuku nikala. Ijumaa mwenye kliniki anakuja na mbuzi na karatasi niweke dole gumba kwamba nimesamehe na sitadai tena, na wa unyago wa Desemba wameshaniita, na Godfrey simchukii, ni mtani wangu. Nimpokee mbuzi au niende mahakamani?

Mwenye Vigelegele, Naliendele

SHANGAZI AGNES ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Vigelegele. Nimecheka, kisha nikakuhurumia, kisha ukaniudhi. Ngoja nianze na hilo lililoniudhi.

Barua nzima umejenga nyumba, umetia vioo, umenunua spika, lakini hujaniambia ni daktari gani mwingine ameutazama ulimi wako! Mshipa wa fahamu ukiumia haungoji hakimu. Ukiwahiwa huenda ukasaidika, ukicheleweshwa unajikomoa mwenyewe. Kesho asubuhi nenda hospitali ya rufaa, uliza daktari bingwa wa kinywa na meno. Atakachokiandika kitakufaa kwa tiba na kitakufaa kwa ushahidi. Ukitoka hapo pitia kliniki, omba nakala ya kumbukumbu za matibabu yako, na ujikumbushe vizuri: kabla ya kupasuliwa, kuna mtu aliyekueleza hatari za lile gego?

Sasa huo utani. Msibani, harusini, sokoni, tukananeni mpaka mchoke. Kisu kikishaingia mdomoni mwa mtu, aliyekishika ni tabibu, utani umebaki mlangoni pamoja na viatu. Kucheka kwako si kosa. Wagonjwa hucheka, hupiga chafya, hushtuka, na mwenye kisu anatakiwa awatulize, siyo awachekeshe. Na yule kuku alikuwa pole. Kumsamehe mtu moyoni hakukuzuii kudai haki yako, ila hiyo karatasi ya Ijumaa inaweza kukuzuia, ndiyo maana inaletwa pamoja na mbuzi.

Redio haikukudanganya, furaha yako naielewa, na nimefurahi pamoja nawe. Lakini kesi hizi watu hushindwa pia. Si kila jeraha ni uzembe, ni lazima uthibitishe kwamba tabibu hakufanya kazi kama tabibu mwangalifu anavyotakiwa. Na muda unahesabiwa, kwa kawaida madai ya namna hii ni miaka mitatu, kwa hiyo usilale. Watafute wasaidizi wa kisheria, wapo wanaowasaidia bure wasio na uwezo, wakuonyeshe kama uanze na malalamiko kwenye baraza linalosimamia taaluma yao, au mazungumzo ya fidia, au mahakama. Na madai yako yaelekezwe kwa kliniki pia, siyo kumkaba Godfrey peke yake huku tajiri yake anakula upepo.

Ijumaa mbuzi arudi alikotoka akiwa hai, na dole gumba lako lisiguse wino kabla mwanasheria hajaisoma hiyo karatasi. Kisha, kwa adabu zote, muulize mjomba Asadi: msibani kwetu, ndugu wote wakimsifu marehemu kwa uongo, nani husimama akasema alikuwa mchoyo? Ni mtani. Sisi ndio tumempa ruhusa hiyo ya kusema kile ambacho wengine wanakiogopa. Basi Godfrey aseme mbele ya tajiri yake yale aliyoyasema jikoni kwako. Akiyasema, ni mtani wako kweli, na hata mkifika kwa hakimu mtatoka mnatukanana. Asingoje kukuzika ndipo aseme ukweli. Wewe u hai, na Desemba wanakusubiri.