Elimringi Akamzaa Nani?

Kidia, Old Moshi
8 Oktoba 2024

Mpendwa shemeji Elimringi,

Pokea salamu zetu za huku mlimani. Hamjambo huko Mpanda? Mkeo Dominika na watoto ni wazima? Namba yako niliyopewa na watu haipatikani tangu Pasaka, ndiyo maana nimeshika kalamu. Sisi tupo tu. Kaka yako Eliona sukari inamsumbua, na mimi kiuno kimechoka na majani ya ng'ombe. Nikikaa, kuinuka ni kazi.

Ila mwanangu Goodness ananipa raha. Jumapili alisoma Ezra sura ya pili kanisani, majina ya waliorudi kutoka Babeli, hakukwama hata moja. Mchungaji mwenyewe huwa anayaruka! Wazee walisinzia. Mimi nilikuwa macho, maana msomaji ni wangu. Ndipo nikasikia kuwa wapo waliorudi wakashindwa kuonyesha ni wa nyumba ya nani. Shemeji, nikakukumbuka wewe.

Maana Jumamosi ukoo ulikuwa umekaa. Kihamba cha baba Ndekirwa, shamba lile la ukoo, kimejaa magugu, migomba imeanguka, na wewe kitindamimba ndiye mwenye nyumba ile kwa mila yetu. Binamu yenu Julius anataka kung'oa masale yaliyopandwa mpakani aunganishe na kwake. Nikasimama. Mwanamke wa kuolewa, ndiyo, na hakuna aliyenikalisha! Nikasema, Ndekirwa akamzaa Eliona, akamzaa na Elimringi.

Julius akadakia, "Haya, mama Goodness, na Elimringi akamzaa nani?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu baba alipomkataa Dominika mkaondoka, hatujaletewa jina la mtoto hata mmoja. Sikulaumu. Lakini baba sasa amelala kaburini, na ukoo utawangoja mje mpaka Krismasi tu, kisha kihamba kinaenda kwa Julius.

Humu nimetia jani la sale. Fundo amelifunga Eliona kwa mkono wake. Si lako, ni la Dominika. Yeye si Mchaga, basi mweleze: nyumba nzima ya Ndekirwa inamwomba radhi, na kwetu anayepelekewa sale hakatai kusamehe.

Dada yenu Eunike wa Njoro anawasalimu, na shangazi Elisifa pia, ingawa macho yamemwishia.

Mungu awalinde njiani, na kila mtoto aingie getini akitaja jina lake mwenyewe, kwa sauti, Julius asikie.

Ni mimi shemeji yako, niwapendaye wote, hata nisiowajua,
Mama Goodness