Mashine Isiyojua Matabishi

Kamina, tarehe 9 Februari 1999

Kwa Mama Christelle, mshauri wa gazeti letu,

Nisaidie, mama, maana nimekosa wa kumuuliza, na mume wangu Hamadi, ambaye ndiye ningemuuliza, tulimzika Mulongo mwaka jana. Sisi ni wafanyabiashara wa samaki wakavu na chumvi, tuna depo hapa Kamina, nyingine Mulongo na nyingine Kabondo-Dianda, na kabla ya vita hii ya pili Hamadi alinunua Lubumbashi mashine ya ordinateri, yaani kompyuta, na programu ya kuunganisha kazi yote, samaki wanaotoka mtoni, magunia ya ghalani, mauzo, usafiri na mishahara, ili mtu akikaa mbele ya mashine aone biashara nzima, na alifurahi hata akachukua kitenge changu cha harusi akaifunika isiingie vumbi, na mpaka leo kiko pale, kina alama ya chai yake.

Fundi aliyekuja kutufundisha alikimbia vita ilipoanza, kabla hajafika depo hata moja, na Hamadi akasema atamaliza mwenyewe, akaenda Mulongo kutazama bidhaa ili aziingize kwenye mashine, huko akashikwa na homa, askari wakafunga njia, dawa haikupita, na yeye hakurudi.

Sasa mdogo wake Shafii ndiye anayeketi mbele ya mashine, na kila mwisho wa mwezi mashine inasema samaki wamepungua, naye anamshitaki Baba Kalala, muuzaji wetu wa hapa, aliyekuwa na Hamadi tangu biashara ilipokuwa meza moja sokoni. Jana waligombana mbele yangu.

“Mashine haisemaka bongo, yaya, inasemaka kweli tu,” Shafii akaniambia. “Muzee anakula samaki yetu.”

Kalala akavua kofia. “Mama, miye njo mwizi? Weye mwenyewe unaonaka. Nikisha kupima, muntu anangojea matabishi. Nisipotia, anaenda kwa jirani.”

Ni kweli, mama, unajua mwenyewe kwamba hapa mtu akishanunua lazima umwongezee kidogo juu, na asubuhi ile ile mama mmoja alimtazama samaki mwembamba aliyeongezewa akauliza, “Njo matabishi hii, ao unanionyesha tu samaki?” tukacheka sote, hata Shafii. Hamadi naye alikuwa anajifanya amesahau kuongeza, mpaka mnunuzi aanze kulalamika, ndipo anatia na kutabasamu. Lakini katika programu hakuna mahali pa matabishi, na Shafii anasema tukiondoa watu wa zamani mashine itakwenda vizuri.

Kabla ya Idi ya kuchinja ukoo utakutana, na kwa sababu sehemu ya Hamadi iko mikononi mwangu, Kalala hawezi kufukuzwa nisipokubali. Nikikataa, Shafii anasema nimeitupa kazi ya marehemu, na hilo ndilo linalonichoma, maana mashine ile ndiyo kitu cha mwisho alichokipenda, na mimi nitasimamaje mbele ya ndugu zake niseme ilikuwa kosa? Nikikubali, mzee asiye na hatia anatoka na jina la mwizi, wakati wa vita, kazi hakuna. Nifanye nini?

Sifa, mjane wa Hamadi

*

Sifa dada yangu, pole. Pole ya kweli, na kitenge usikiondoe bado.

Sasa nisikilize. Unadhani lazima uchague, ao mashine ni kosa ao Kalala ni mwizi. Nani alikuambia hivyo? Mashine inajua tu kile ilichoambiwa. Mlileta programu iliyotungwa kwa maduka ya watu wengine, ambako mnunuzi analipa na kwenda zake, mkaiweka juu ya kazi yenu bila kuwauliza wanaopima samaki. Na mlitaka depo zote ziingie pamoja, katika vita, fundi amekimbia. Nimeona ofisi kubwa kuliko yenu, zenye umeme na pesa, zikikwama vile vile: wakubwa wananunua, wadogo wanaambiwa siku ya mwisho, kisha hesabu zikipotoka anatafutwa wa kufukuzwa. Mkimfukuza Kalala, atakayekuja nyuma yake atatoa matabishi, ao atapoteza wanunuzi.

Na wewe nikugombeze kidogo. Ulicheka na yule mama, ulijua, kisha ukanyamaza mbele ya Shafii. Msiba usikufanye bubu. Shafii simwiti mbaya. Amerithi kazi isiyomalizika na anaogopa kushindwa pale kaka yake alipoanza. Mwambie hivyo kwa upole, kabla ya kikao, mkiwa wawili.

Kwenye kikao, kataa waziwazi Kalala kufukuzwa. Kisha omba Mulongo na Kabondo-Dianda waachwe na desturi zao mpaka njia zifunguke. Mashine ibaki na depo ya Kamina, na samaki tu. Shafii atoke kwenye kiti, akae na Kalala penye mizani mpaka aelewe. Matabishi yapimwe, yaingizwe kwenye mashine kama mauzo yasiyo na bei. Chagueni kipimo kimoja, maana kitunga cha Mulongo hakilingani na gunia la Kamina. Hesabu ya mkono iendelee kando mpaka zote mbili zikubaliane. Na mtu mmoja awe na neno la mwisho juu ya kazi hii. Ukiniuliza mimi, awe wewe.

Je, huko ni kuitupa kazi ya Hamadi? Hamadi alikufa akiwa ameacha kiti chake na kwenda depo kutazama kwa macho yake. Alikuwa amekwisha kuelewa. Endeleeni kutoka pale alipofika.

Na siku mashine na ghala zitakaposema neno moja, mwongezee mnunuzi wa kwanza samaki mnene, kwa jina la Hamadi. Mimi, Christelle, unikumbuke tu.