Majibu Arobaini na Matatu

Masasi,
22 Agosti 2025

Kaka Shamte,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Mama Somoe, pamoja na Mama, ambaye nasikia magoti yanamsumbua tangu baridi ya Julai. Mfikishie shikamoo yangu. Somoe mwambie viatu vyake vya shule nimevipata, namba thelathini na nne. Mimi mwilini ni mzima, alhamdulillahi. Moyoni nina hasira, wiki ya pili sasa, na nimeshindwa kuimeza. Sikupiga simu kwa sababu ungenikatiza, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Nimempa Mwalimu Tahiri barua hii akukabidhi mkononi. Tafadhali isome hadi mwisho kabla hujaenda shambani.

Unajua kwamba pale Hospitali ya Tupone kazi yangu ni kompyuta, ila sidhani kama nimewahi kukueleza vizuri. Kuna chumba kidogo chenye kiyoyozi, na humo mna seva mbili. Ndani ya seva hizo mnaishi kompyuta nyingine kumi na moja zisizo na mwili, tunaziita mashine pepe: ya mapokezi, ya famasi, ya wodi, ya maabara na nyinginezo. Programu inayozibeba zote imezeeka, walioitengeneza wameacha kuihudumia, kwa hiyo mwezi huu tunazihamishia kwenye programu mpya. Kuhama kwenyewe ni siku mbili. Kinachochosha ni kuziandaa. Kila mashine naandika jina lake na anwani yake ya mtandao, nachukua nakala yake, kisha nairudisha nakala hiyo pembeni nione kama inawaka kweli. Halafu nafuta picha. Picha hizi si za kutazama. Ni hali nzima ya mashine kama ilivyokuwa saa fulani, imegandishwa, ili ukiharibu kitu uweze kurudi hapo. Ukiziacha muda mrefu zinavimba na kula nafasi, na mashine yenye picha ya zamani haihami salama.

Mashine ya maabara ilikuwa na picha ya mwaka juzi, tarehe kumi na tisa Mei. Wewe wiki hiyo huhitaji kukumbushwa. Baba alikuwa wodi ya wanaume, siku ya sita, na tarehe ishirini na mbili tulimzika Mnyambe.

Mkuu wangu wa kitengo, bwana Dauda, aliiona picha hiyo kwenye orodha yangu akaniagiza niifute siku hiyohiyo. Kuifuta ni sahihi, ndio utaratibu wa kazi. Ila orodha ilikuwa na picha nyingine sita na hakuuliza hata moja. Haraka yake ilinikera. Nikasubiri aende kwenye kikao, nikachukua nakala ya picha ile, nikaiwasha pembeni, nje ya mtandao.

Nikakuta foleni. Majibu ya vipimo arobaini na matatu, yametoka maabara na hayakupokelewa wodini. La kumi na saba lilikuwa la Awadhi Shamte, miaka sitini na minane, mkazi wa Mnyambe. Ni kile kipimo cha damu tulichokisubiri. Mdudu wa ugonjwa wake ametajwa jina. Dawa aliyokuwa akichomwa Baba imeandikwa haimfanyi kitu mdudu huyo, na chini yake imetajwa dawa inayofaa. Jibu lilikuwa tayari siku ya nne, saa nne asubuhi. Nimefungua kumbukumbu za famasi za wiki ile, Kaka. Dawa hiyo ilikuwepo kabatini.

Sasa mkumbuke Isabela, muuguzi wa Makote aliyekuwa zamu. Kila asubuhi alituambia jibu halijafika kwenye kompyuta ya wodi. Maabara nao wakafungua kumbukumbu zao, ikaonekana imeandikwa "imetumwa". Basi ikawa Isabela ni mwongo, jibu kalipata, kazembea. Wewe ulisimama kwenye korido mbele ya wagonjwa na ndugu zao ukamwambia kwamba amemuua baba yako. Kabla ya arobaini ya Baba alikuwa ameshaachishwa kazi.

Isabela alikuwa anasema kweli. Tarehe kumi na tano mtu wa ofisi yetu aliihamisha mashine ya maabara kutoka seva moja kwenda nyingine bila kuandika anwani yake. Ilipowaka upande wa pili ikajipa anwani nyingine, na wodi zikaendelea kuisikiliza anwani ya zamani. Maabara wanaandika "imetumwa", wodini hakuingii kitu. Siku nne. Tarehe kumi na tisa kosa likagundulika, ikachukuliwa hiyo picha, anwani ikarekebishwa. Dauda akaagiza foleni ifutwe, majibu ya zamani yasichanganyike na mapya, akasema yeye mwenyewe atawaambia maabara wayachape na kuyapeleka kwa mkono. Nimewauliza maabara. Hakuwaambia kamwe.

Nilimfuata nikamwekea karatasi mezani. Hakukana. Alisema Isabela ameshazoea maisha ya shamba, kwamba hospitali ikishitakiwa tutakosa kazi sote, kisha akanirudishia karatasi yangu.

"Faidha, wafu hawahami," akasema. "Sisi tunahamisha mashine."

Tangu siku ile nikimwona anacheka na watu mapokezi, napitia mlango wa nyuma.

Lakini nikimlaani Dauda peke yake nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Mtu wa ofisi yetu aliyeihamisha mashine bila kuandika anwani ni mimi. Baba alikuwa amelazwa, nilitaka nimalize haraka nikakae naye. Aliyeifuta foleni ni mimi pia, kwa kidole changu, bila kusoma jina hata moja. Nilijiambia maabara watachapa. Baba alipofariki nikaogopa kuuliza.

Na kuna baya kuliko hilo. Tulipokuwa msibani, wewe umekaa mkekani unamtaja Isabela, nilikuwa najua kwamba wiki ile majibu yalikatika. Sikujua kama la Baba limo, na sikutaka kujua. Ulipoandika barua ya malalamiko kwa uongozi, ulinipa niisome kwanza. Nikakusahihishia tahajia, nikakuchapia.

Picha sijaifuta. Nimeiweka kwenye diski mbili, moja nimempa mganga mkuu, Dkt. Winfrida, pamoja na maelezo yangu ya kurasa mbili yenye jina la Dauda na langu. Ameniambia hawezi kuapa kwamba dawa ile ingemponya Baba, ila ilikuwa haki yake kuipata. Mashine kumi zimeshahama. Ya maabara amezuia isiguswe. Ameanza kuwatafuta wenye majibu yale mengine arobaini na mawili.

Jumapili nilikwenda Makote. Isabela alikuwa anapalilia chini ya mikorosho ya mama yake. Alinisikiliza amesimama, jembe mkononi, hakunikaribisha kukaa. Nilipomaliza alilaza jembe chini.

"Miaka miwili mama yangu ananiuliza kama ni kweli," akasema. "Njoo umwambie wewe."

Akaniingiza ndani. Nikamweleza yule mama kwa Kiswahili, akanitazama tu, kisha akaniomba nirudie kwa Chimakonde. Nikarudia. Kwa lugha ya nyumbani, Kaka, hakuna neno la mashine pepe wala la foleni ya majibu. Yalibaki maneno matatu tu: mimi, kosa, nikanyamaza. Yule mama alimshika mwanawe mkono, nami nikatoka.

Bodi ya hospitali inakaa Jumatano, tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi. Isabela ameitwa. Nami nimeitwa, na sidhani kama nitatoka humo nikiwa na kazi. Naomba uje. Nikasirikie, una haki, hata usiponipa mkono sitalalamika. Ila siku hiyo usije ukakaa upande wangu kwa sababu mimi ni damu yako. Kaa na Isabela.

Mama usimwambie bado. Jumamosi nakuja Mnyambe, nitamwambia mwenyewe. Wasalimie nyumbani wote, na majirani waliotusaidia kumstiri Baba. Mungu amrehemu, na atupe sisi tuliobaki ujasiri wa kusema.

Mdogo wako,
Faidha Awadhi