Mrukaji Mmoja na Msafara Wake

Jumanne, 4 Juni

Bingwa wa taifa tena! Sijui hata kama niendelee kuhesabu miaka. Tulikuwa wanawake watatu. Mmoja alikuja kurusha tufe, akaambiwa tufe halionekani, basi aruke tu ilimradi asipoteze nauli yake. Wa pili alikuwa na mafua. Nimewashinda wote. Taifa lilale salama.

Shimo la mchanga lilikuwa limefunikwa turubai, na juu ya turubai wamepanga viti vya harusi ya mtu. Tumevitoa wenyewe, mimi na Dada. Tumeuchimbua mchanga wenyewe, tumeumwagilia maji wenyewe. Dada ndiye kocha wangu, na mchanga hauamini mpaka aukanyage kwa mguu wake. Ana haki. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa kabla yangu — bingwa wa kweli, si wa kushindana na mafua. Siku moja alitua kwenye mchanga mkavu kama sakafu, goti likaenda upande wake na yeye wake. Chama cha riadha kilimtumia kadi ya pole. Yenye jina la mtu mwingine.

Wapimaji walikuwa wamekwenda kunywa chai. Wakarudi, wakapima, wakaandika. Dada akautazama utepe, akaniita kando.

"Mdogo wangu, umbali huu unakupeleka mashindano ya bara."

Nikacheka. Hakucheka.

Kazini hakuna aliyejua. Nakaa dirisha la malalamiko, idara ya maji. Pale habari njema hazifiki. Mteja mmoja tu aliona picha yangu kwenye simu ya mwenzake. Akauliza, "Hivi huo mchezo wenu wa kuruka chini, mnaruka kutoka wapi?" Nikamwambia kutoka ghorofani. Akanipa pole.

Ijumaa, 14 Juni

Mwenyekiti wa chama cha riadha amenipigia mwenyewe! Naenda. Mashindano ya bara zima, na mimi ndiye mwanamichezo pekee wa nchi hii aliyefuzu. Sauti yake ilikuwa imejaa asali. Akanitajia msafara: Mwenyekiti, bila shaka. Mke wa Mwenyekiti, ambaye ni mtaalamu wa lishe tangu juzi. Katibu. Msaidizi wa Katibu. Afisa itifaki. Kiongozi wa msafara, ambaye si Mwenyekiti, maana Mwenyekiti anaongoza mambo mengine. Na kocha.

Nafasi yangu, anasema, ilipatikana kwa kubanana.

"Dada atafurahi sana," nikasema.

Nikasikia kikohozi. Kocha ni shemeji yake, kaka wa mke wake.

"Dada yako hana cheti cha ukocha," akasema.

"Na shemeji yako anacho?"

"Hana. Lakini ana pasipoti."

Dada pia ana pasipoti, ila yake haijaozesha kwa watu wakubwa.

Jumatatu, 1 Julai

Nimekaa na hii habari wiki mbili kama mtu aliyemeza kokwa. Leo nimemwambia Dada, saluni kwake, akiwa anamwosha mteja nywele. Hakugeuka. Akamwambia mteja, "Inua kichwa kidogo, mama." Maji yakaendelea kumwagika. Yule mama akainua kichwa mpaka shingo ikakakamaa, maskini, na bado Dada anasuuza tu nywele ambazo povu lilishaisha zamani.

Jioni kocha mteule akaja uwanjani kujitambulisha. Anauza magodoro. Angalau kutua mahali laini anakujua! Mnene, mpole, viatu vimeng'aa. Akauliza, "Samahani, mnaruka mara moja tu, au mnarudia?" Dada akamweleza yote. Kwa adabu. Adabu ile ya Dada ambayo sisi nyumbani tukiisikia tunahama chumba.

Alipoondoka nikasema siendi. Nikasema wampeleke yeye akaruke, na godoro lake.

"Utaenda," Dada akasema.

"Bila wewe siendi."

"Mimi goti langu limebaki kwenye mchanga huu. Usiniletee susa za kitoto. Utaenda, utaruka, halafu utarudi kunisimulia. Umenisikia?"

Nimesikia. Mama naye, tulipofika nyumbani, kauliza kuna nini. Tulipomwambia akasema miaka yote hii yeye alidhani mchezo wetu ni kuruka, kumbe ni kurukwa. Hata Dada alicheka. Kidogo.

Alhamisi, 11 Julai

Tumefika. Viongozi wako hotelini, wana bwawa. Mimi niko bweni la wanamichezo, na wala silalamiki. Kitanda ni kirefu na maji yanatoka. (Mtu wa idara ya maji huyaona mambo haya.)

Sare ya taifa imetolewa leo. Ni ya timu ya mpira. Ya wanaume. Mgongoni imeandikwa KIPA. Afisa itifaki akasema rangi ndizo muhimu. Nimejitazama kwenye kioo: nimepotea ndani ya fulana kama simu kwenye mfuko wa gunia. Shemeji wa Mwenyekiti ndiye aliyezunguka mjini na kurudi na fulana inayonitosha, rangi zile zile. Sikumuuliza kaipata wapi. Nilisema asante kwa sauti ndogo, maana nilikuwa nimeshaamua kumchukia na sipendi kubadili ratiba.

Mtaalamu wa lishe amenishauri nile vizuri. Kisha akaenda kununua mapazia.

Jumamosi, 13 Julai

Mchujo. Naandika mbio, mwandiko unisamehe.

Kila mmoja ana miruko mitatu. Mruko wa kwanza — bendera nyekundu. Nimekanyaga mbele ya ubao wa kurukia, mruko hauhesabiwi. Wa pili — nyekundu tena! Kiatu chote kimepita. Wenzangu wanakwenda kwa makocha wao pale kwenye kingo za jukwaa, wanaelekezwa, wanatikisa vichwa. Mimi nikageuka kwetu. Mwenyekiti anapiga picha na mtu mwenye suti. Katibu anakula. Nikaona basi, kazi imekwisha, nirudi dirishani kwangu nikasikilize mabomba ya watu yaliyopasuka.

Ndipo nikamwona yule muuza magodoro anashuka ngazi za jukwaa mbio, jasho linamtoka, simu ameinyanyua mbele kama mtu anayetafuta mtandao. Kwenye simu — Dada! Kumbe bwana huyu alimpigia Dada tangu asubuhi. Kumbe Dada ameona miruko yote miwili, yuko saluni, na wateja nyuma yake.

Akaweka simu sikioni, akasikiliza, akanipigia kelele:

"Dada anasema upepo unakusukuma! Alama yako ya kuanzia mbio irudishe nyuma, kiatu kimoja!"

Akasikiliza tena.

"Na anasema acha kuutazama ubao kama umekuibia kitu!"

Nikarudisha alama. Nikasimama. Sikuutazama ubao. Niliutazama mchanga, na nilikimbia kama vile Dada ndiye anayekimbia, na magoti yake mawili.

Bendera nyeupe.

Nimeingia fainali! Nafasi ya mwisho kabisa, kwa upana wa kidole, lakini mlango ni ule ule. Nilipomfikia yule bwana pale kwenye kingo, alikuwa anafuta macho kwa tai yake. "Samahani," akasema, "mimi sikujua huu mchezo unaumiza hivi." Nikamwita shemeji. Si wa Mwenyekiti. Shemeji tu.

Jumapili, 14 Julai

Shaba.

Naiandika tena nione kama itabadilika. Shaba! Mruko wa tano. Nimeruka umbali ambao sijawahi hata kuuota, maana ndoto zangu huwa na adabu. Nchi yetu haijawahi kupata medali ya kitu chochote, hata cha kukaa.

Nilimpigia Dada. Nilisikia kelele za saluni, mtu anagonga ndoo, na katikati yake Dada anavuta pumzi. Mwisho akasema, "Ulitua vizuri." Basi. Ulitua vizuri.

Usiku Mwenyekiti alikuwa kwenye televisheni. Ameuambia ulimwengu kwamba kocha huyu walimgundua wao, kwa mpango wa muda mrefu. Akamvuta shemeji mbele ya kamera. Shemeji akasema anakwenda msalani, na hakurudi.

Jumatano, 17 Julai

Uwanja wa ndege wa nyumbani. Chumba cha wageni mashuhuri — nilikuwa sijui tunacho. Viti vya ngozi, zulia, karanga kwenye bakuli. Nje kuna bendi, kuna watu, kuna bango lenye uso wa Mwenyekiti na, pembeni kidogo, mguu wangu.

Dada amepiga simu. Yeye na Mama wako getini tangu asubuhi. Mlinzi amewaambia ndani ni kwa ajili ya familia ya michezo. Mama akamwuliza yeye ni familia ya nini, ya mchicha? Hawakuruhusiwa.

Nimemwambia afisa itifaki. Akasema nafasi zimejaa. Nimemwambia Mwenyekiti. Akasema, "Dada yako tutamkumbuka kwenye hotuba. Sasa sikiliza: mlango ukifunguliwa natoka mimi, wewe, na kocha. Ukipewa kipaza sauti umshukuru kocha."

"Nitamshukuru. Aletwe."

"Yupo hapa."

Shemeji akainuka kutoka kwenye kiti chake. Akasema, "Mimi nauza magodoro," akavaa koti na kutoka kwa mlango wa nyuma. Amesema anakwenda getini. Dada yake, mtaalamu wa lishe, akamwita mara tatu kwa jina la utotoni.

Basi nimekaa. Sitoki. Medali iko mfukoni na mkono uko juu yake. Bendi imepiga wimbo wa taifa, hakutoka mtu, ikanyamaza. Mwenyekiti ameniuliza naandika nini. Nimemwambia, hotuba ya shukrani. Akatulia kidogo.

Wimbo wa taifa mara ya pili. Mpiga tarumbeta anaanza kuchoka.

Waziri ameingia mwenyewe, anatabasamu, manukato yametangulia. Amesema, "Binti yangu, wananchi wanakusubiri juani." Nimesema, "Najua, Mheshimiwa. Wawili ni wa kwetu." Akajifanya hakusikia. Akavuta suruali kidogo magotini, akainama akae kwenye kiti cha pembeni yangu tuongee kama mtu na mzazi wake.

Nimeweka mkono juu ya kiti.

"Samahani, Mheshimiwa. Hapa kuna mtu. Yuko getini."

Amecheka. Kisha akaona mimi sicheki. Bado ameinama vile vile, hajakaa, hajasimama, na chumba kizima kinamtazama.