Mtumbwi Ulioanikwa Juani

Jumanne, maji yanapanda

Mtumbwi mbichi unaanikwa? Niliuacha kivulini, umejazwa tope na majani, ukauke taratibu. Nimekwenda Kibaoni siku mbili tu, narudi naukuta juani, umesafishwa, umepasuka shubiri nne tumboni.

Shemeji anachekelea. "Nimekusaidia, ulikuwa mchafu."

"Kwani huo ni dagaa, shemeji?"

Mpunga wetu wa mwaka mzima uko ng'ambo ya mto, gunia kumi na moja juu ya kichanja, na maji yameshafika miguuni pake. Mtumbwi wa kuazima hakuna.

Nimeziba ufa kwa matambara na lami. Labda utabeba gunia mbili kwa safari.

Kesho napiga kasia, shemeji anachota maji yanayoingia. Hajui kuogelea, kwa hiyo atachota kwa bidii. Lakini ufa ukifunguka katikati ya mto...